Mruko Usiosikika

Nyumba yetu iko chini ya barabara. Kutoka bombani hadi uani unashuka ngazi kumi na nne za saruji, na ya tisa imemeguka pembeni kama mkate ulioumwa. Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la jirani, mimi na mjukuu wangu tulikuwa tunazishuka ngazi hizo na ndoo kichwani. Mimi ndoo ndogo ya bati, yeye ndoo kubwa ya plastiki yenye mpini uliofungwa kwa waya. Mimi mbele, yeye nyuma.

"Kaza miguu!" nilimwambia tangu alipokuwa na miaka saba. "Shingo wima, macho mbele, goti lisicheze. Goti likicheza, maji yanamwagika."

Naye alikaza. Alikuwa akitembea kama nguzo inayohama nyumba. Akifika uani akaitua ndoo, huoni hata tone moja begani. Majirani walimsifu, na kwa kuwa mwalimu wake nilikuwa mimi, nami nilivimba kichwa. Likumbukeni neno hilo la "kaza miguu," maana ndilo lililotuponza, na lilitoka kinywani mwangu.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na miwili. Jina alilopewa na baba yake tunalitumia akikosea tu. Siku nyingine zote ni Panzi. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu ya mpira wa pete. Mpira ukirushwa juu, wenzake wanainua mikono, lakini yeye anainuka mzima. Mwezi ule mwalimu wao wa michezo, mama mwembamba anayevaa filimbi shingoni hata akifundisha hesabu, alikuwa anatafuta wasichana saba wa kuichezea shule yao dhidi ya shule nyingine. Basi Panzi hakuwa na wazo jingine duniani. Akifagia, fagio linakuwa mpira. Akianika nguo, kila nguo lazima airukie kamba, hata kama kamba iko usawa wa pua.

Alasiri moja nikitoka sokoni nilipita uwanjani kwao. Nikamwona akipaa, akaunasa mpira juu ya vichwa vyote, nami nikatua kikapu changu ili nipige makofi. Sikuyapiga. Alishuka na miguu miwili iliyonyooka kama mbao. *Pwa!* Vumbi likatimka. Kiwiliwili chake kikaendelea kwenda mbele, naye akakifuata kwa hatua mbili tatu ili asianguke kifudifudi, huku mpira ukiwa mikononi.

Filimbi ikalia. "Hatua!" mwalimu akaita, na mpira ukapewa upande wa pili. Katika mchezo ule, ukishaudaka mpira huruhusiwi kutembea nao.

"Panzi gani huyu asiyejua kutua?" akapiga kelele msichana mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye wenzake humwita Redio kwa sababu hazimiki. "Huyo ni ubao! Leteni misumari!"

Watoto wakacheka. Panzi naye akacheka, lakini nilimwona akilishika goti la kulia kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo asilie.

Njiani nikamuuliza, "Goti lina nini?"

"Linawasha tu, Bibi. Mbu."

Mbu wa saa tisa mchana, katikati ya uwanja, juani! Mimi si mtu wa kumkaba mtoto koo. Hungoja neno lije lenyewe. Lakini nakiri, safari hii nilingoja kupita kiasi.

Asubuhi zilizofuata nilianza kuona ngazi zimelowa nyuma yetu. Kwanza matone, halafu michirizi. Nilipogeuka nilimwona akitanguliza mguu wa kulia kwenye kila ngazi, kisha wa kushoto unaufuata hapo hapo, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Nimeteleza, Bibi."

"Kila siku?"

"Ngazi zina maji."

"Maji hayo ameyamwaga nani?" nikamuuliza.

Jumamosi tulimpelekea baba yake chakula kazini. Mwanangu ni fundi mwashi, na wakati ule walikuwa wanajenga nyumba ya ghorofa moja. Mimi hupenda kukitazama kiwanja cha ujenzi kinapofanya kazi: uzi uliovutwa kona hadi kona, karai la udongo wa saruji likipita kwa mikono, mafundi wakifumba jicho moja kuusoma ukuta. Pale matofali hayapandishwi kwa mashine. Mtu mmoja husimama chini na kuyarusha, mwingine husimama juu ya jukwaa la mbao na kuyadaka, moja baada ya jingine, tangu asubuhi hadi jioni.

Siku hiyo walikuwa wadakaji wawili. Mmoja kijana mwenye misuli. Kwake kila tofali lilifika na mlio: *ta! ta!* Na kila baada ya matofali matano alipuliza viganja vyake. Wa pili alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, aliyejifunga viganjani vipande vya mpira wa gurudumu. Wenzake humwita Mama Pamba, kwa sababu tofali likifika mikononi mwake husikii kitu. Ni kana kwamba limeangukia kitanda.

Wakati wa kula Mama Pamba alishuka jukwaani. Panzi alikuwa amemkodolea macho muda wote.

"Shikamoo, Mama Pamba. Nami nirushie moja!"

"Marahaba. Muulize baba yako."

"Acha mchezo," akasema mwanangu, mdomo umejaa chakula.

"Nusu tofali tu, fundi," akasema Mama Pamba. "Na nitamrushia kama ninayempa mtoto chungwa."

Panzi akajiweka sawa. Akakaza miguu, akanyoosha mikono mbele kama rafu ya duka. Nusu tofali likaja polepole kabisa, likapiga viganja, *ta!*, likaruka na kurudi kuelekea miguuni pake. Akaruka nyuma kulikwepa, akatua kwa mguu wa kulia ulionyooka. Hapo ndipo tuliposikia kilio. Akaanguka kwenye lundo la mchanga, sketi ikapanda, na sote tukaliona goti lake. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa changu cha kichwa, kile cha maua mekundu nilichokuwa nakitafuta tangu Jumatatu.

Baba yake akaweka sahani chini. Akapiga magoti mchangani, akakifungua kitambaa. Goti lilikuwa limevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili, Baba."

"Mbona hukusema?"

"Mwalimu akijua atanitoa." Machozi yakaanza. "Anachagua Ijumaa, Baba. Ijumaa hii!"

Mwanangu akainua macho, akanitazama mimi. "Nawe, Mama, ulijua?"

"Nilihisi," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaligeukia goti tena. Heri angenifokea.

Mama Pamba ndiye aliyeingilia kati. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akaichukua mikono yake na kuitazama. Viganja vilikuwa vyekundu.

"Mwanangu, wewe unapigana na tofali. Tofali limekuja na mwendo wake, na mwendo huo lazima uishie mahali. Ukilizuia ghafla, unaishia kwenye mifupa yako. Mimi huliendea njiani, nikalishika, nikashuka nalo." Akarusha lile nusu tofali juu, mikono yake ikalipokea usawa wa uso na kushuka nalo hadi kiunoni, viwiko na magoti yakikunjika pamoja. Hakuna mlio. "Umeona? Tofali ni lile lile na kasi ni ile ile. Ila nimelipa nafasi ya kusimama."

"Lakini Bibi alisema nikaze miguu," akasema Panzi akipangusa pua. "Alisema goti lisicheze."

Watu wote wa pale wakanigeukia. Hata kijana mwenye misuli aliacha kupuliza viganja.

"Bibi yako?" Mama Pamba akacheka. "Bibi yako namwona kila asubuhi nikipita pale bombani. Huyu bibi hakazi miguu hata siku moja! Akishuka zile ngazi magoti yake yanabonyea kama springi za kiti. Ndiyo maana ndoo yake imetulia. Usimsikilize anavyosema, mtazame anavyoshuka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwahi kujitazama. Kumbe miaka mitano mdomo wangu ulikuwa unafundisha kitu ambacho miguu yangu haijawahi kukifanya! Na mtoto, kwa utii wake, aliufuata mdomo. Ndoo kichwani mtu hutembea polepole, kwa hiyo kosa halikumuumiza. Alipolipeleka uwanjani, mahali pa kuruka, ndipo goti lilipolipia.

Siku ile ile tulimpeleka zahanati. Mhudumu alilibonyeza goti kila upande, akalikunja na kulikunjua taratibu.

"Hakuna kilichovunjika," akasema. "Kano ya goti imechoka kwa kupigwapigwa. Bahati yenu mmelileta mapema. Wiki mbili asiruke. Kitambaa cha maji baridi asubuhi na jioni. Halafu nataka nimwone."

Panzi akauliza kwa sauti ndogo, "Nisingesema je?"

"Kwani ulisema?" akauliza mhudumu. "Nasikia lililosema ni tofali."

Jumatatu Panzi aliniomba niende naye kwa mwalimu. Nilimsindikiza hadi mlangoni, lakini nikamwambia maneno atayasema mwenyewe. Aliyasema yote, hata ya mbu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akaivua filimbi shingoni na kuiweka juu ya meza. Nilidhani atafoka.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema. "Nami nisamehe. Nilikuwa napiga filimbi ya 'Hatua' kila siku bila kukuuliza kwa nini unaanguka mbele. Ijumaa sitaliandika jina lako, siwezi kumpeleka mtoto mwenye goti bovu. Lakini nafasi mbili za akiba nitazijaza wiki ya mwisho kabla ya mashindano. Ukipona, na ukijifunza kutua, tutazungumza."

Panzi akauliza, "Nitajifunzaje kama siruki?"

Mwalimu akachukua chaki, akachora ubaoni mtu wa vijiti akiwa hewani.

"Huyu anaposhuka amebeba mzigo usioonekana. Mzigo huo ni uzito wake pamoja na kasi yake. Akiwa mzito zaidi, mzigo unazidi. Akishuka kwa kasi zaidi, mzigo unazidi pia. Akigusa ardhi, mzigo wote lazima usimamishwe. Hapo hana hiari. Hiari yake ni kwenye muda tu. Akiusimamisha kwa kufumba na kufumbua, ardhi inampiga kwa nguvu kubwa. Akikunja kifundo, goti na nyonga, akatumia muda mara tatu ya ule, nguvu inayompiga inapungua hadi theluthi. Mzigo ni ule ule, ila umeutua kidogo kidogo."

"Kama Mama Pamba na tofali," akasema Panzi.

"Huyo Mama Pamba simjui, lakini ningefurahi angekuja kunisaidia kufundisha."

Ijumaa majina yalibandikwa. Nafasi ya Panzi alikuwa amepewa Redio. Mjukuu wangu alirudi nyumbani, akalala kifudifudi hadi saa ya kula. Lakini kesho yake alfajiri nani yuko bombani? Redio, na kata ya kitambaa kichwani.

"Nimekuja kubeba ndoo ya Panzi," akasema. "Nilimwita ubao. Sikujua kama anaumwa, Bibi, naapa. Ningejua ningemwita... sijui, ningemwita kitu kingine."

"Mimi nisingekuita Redio," Panzi akamjibu, "ningekuita gari la matangazo." Wakacheka wote wawili, na hadi goti lilipopona ndoo ile kubwa ilishuka ngazi juu ya kichwa cha Redio, pamoja na habari zote za mtaa.

Mhudumu aliporuhusu, baba yake alileta tofali moja kutoka kazini, akaliweka uani. "Ruka kutoka hapo," akamwambia. "Ukiweza, naongeza la pili."

Mwalimu alikuwa amempa kipimo rahisi: kutua kuzuri hakusikiki. Basi kazi ya kusikiliza nikapewa mimi. Kila alasiri nilikaa kwenye kigoda nimeupa ua mgongo, uso ukutani, ungo wa maharage mapajani. Nachambua maharage, nasikiliza.

*Pwa!*

"Nimesikia!"

*Pu!*

"Nimesikia. Kisigino hicho. Tanguliza ncha za nyayo, halafu kisigino, halafu goti lifuate."

"Bibi, masikio yako ni makali mno!"

"Nilikuuzia maneno mabaya bure miaka mitano. Acha nikulipe kwa masikio."

Siku zikaenda. Tofali moja, mawili, matatu, halafu ngazi ya kwanza, halafu ya pili. Kuna siku alikasirika akalipiga tofali teke, akaumia kidole, tukacheka hadi baba yake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kuna siku alisema haiwezekani. Nami nikamwambia haiwezekani leo.

Alasiri moja nilikuwa nimefika kwenye maharage ya mwisho. Uani kimya. Nikadhani anaogopa.

"Ruka basi, mjukuu wangu! Maharage yananiishia."

"Nimesharuka, Bibi," akasema. Sauti ilitoka nyuma ya sikio langu. "Mara tatu."

Niligeuka kwa haraka na ungo ukapinduka. Maharage yote yakatawanyika uani, na nawaambia kweli, sikuyajali. Tuliyaokota pamoja moja moja, mimi nikicheka na kulia kwa zamu.

Siku ya mashindano Panzi alikuwa kwenye benchi la akiba, magoti yamebanwa, mikono chini ya mapaja. Mimi na baba yake tulikaa kwenye nyasi. Mama Pamba alikuja na nguo za kazi, saruji bado kwenye nyusi. Timu zilikuwa sare, na zimebaki dakika chache. Redio alikuwa amekimbia tangu mwanzo. Nilimwona ameinama, mikono kiunoni. Kisha, kwa sauti ile yake isiyohitaji spika, akaita:

"Mwalimu! Pumzi imekwisha. Mwingize Panzi!"

Mwalimu akaangalia goti la Panzi, akaangalia uso wake. "Ingia."

Sikuweza kutazama. Nilifumba macho, kama nilivyozoea kule ukutani. Nilisikia mpira ukipigwa mikono, nikasikia watu wakisema "Aaa!" kwa pamoja, nikajua yuko hewani. Nikangoja *pwa*. Nikangoja filimbi. Sikusikia hata kimoja. Nilipofumbua macho, mjukuu wangu alikuwa amechutama kidogo, ametulia kama paka aliyeshuka ukutani, na mpira ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake kwenda kwa mfungaji. Mfungaji akautia kwenye pete. Tulishinda kwa bao hilo. Wengine walishangilia bao. Mimi nilishangilia kutua.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Panzi hakukimbilia wenzake kwanza. Alikuja mbio hadi kwa Mama Pamba, akampa mikono yote miwili.

"Ahsante, Mama Pamba. Ahsante sana."

Mama Pamba aliipokea mikono ile jinsi anavyopokea matofali, akashuka nayo. "Nikwambie kitu kingine, mwanangu? Ukweli nao ni kama tofali. Utakufikia tu. Ungeusema siku ya kwanza goti lilipouma, ungeupokea polepole: siku mbili za kupumzika, basi. Uliuzuia wiki mbili, ukakupiga wote kwa mpigo mmoja, pale mchangani, mbele ya watu. Siku nyingine jambo likikuuma, liendee mapema, ushuke nalo."

"Nimesikia," akasema Panzi.

"Sisi pia tumesikia," akasema mwanangu, akanitazama akitabasamu, nami nikajua amenisamehe kungoja kwangu.

Tangu siku ile nimeacha kusema "kaza miguu." Nasema, "Legeza goti, mjukuu wangu," na kabla ya kulisema nahakikisha langu limelegea. Nina mengi ya kushukuru: tofali lililosema kabla ya mfupa kuvunjika, mama aliyenisahihisha mbele ya watu wala hakunidharau, na mtoto ambaye bado ananiita mwalimu wake. Siku hizi, tukitoka bombani, yeye ndiye anayetangulia, na ndoo kubwa kichwani. Namfuata nyuma na ya kwangu ndogo, nikisikiliza ngazi zote kumi na nne. Sisikii kitu.